Jini Aliyefungwa Istiarini: Jarida la Omenana, Hadithi za Ajabu na Kosa la Wahakiki wa Kiswahili

Utangulizi

Mwaka 2014 Wanigeria wawili, Mazi Nwonwu na Chinelo Onwualu, walianzisha Omenana, jarida la mtandaoni la hadithi fupi za fantasia na za bunilizi ya kisayansi zitungwazo na Waafrika wa barani na wa ughaibuni. Januari 2015 kikundi cha waandishi cha Jalada, kilichoanzia Nairobi, kikatoa mkusanyiko uliohusu mustakabali wa Afrika na Waafrika. Tangu hapo kijana mwenye hadithi ya mzimu aendeshaye mtambo, au ya mji uliojengwa chini ya bahari, amepata mahali pa kuipeleka. Jambo hilo lastahili shukrani.

Hata hivyo, majina yenyewe yana kinaya. Omenana ni neno la Kiigbo lenye kuhusu mila na mambo ya uungu, ilhali Kiingereza ndicho kilichobeba hadithi za jarida hilo tangu toleo la kwanza. Jalada nalo ni neno la Kiswahili, lakini kurasa za mkusanyiko ule wa 2015 ni za Kiingereza karibu zote. Kiswahili kimeachiwa kazi ya kufunika kitabu, si ya kukiandika.

Mhakiki wa Kiswahili asikiapo hayo hufurahi, akawashutumu vijana kwa kasumba. Shutuma hiyo ni nyepesi mno, na nyani haoni kundule. Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya kosa imo katika idara za Kiswahili zenyewe. Uhakiki wa Kiswahili umemfukuza mtunzi wa ajabu nyumbani, kisha unamlaumu kwa kuhama.

Ajabu si mgeni

Wapo washikiliao kwamba utanzu huu ni wa kigeni. Dai hili halina mashiko. Tukiacha kando ngano za mazimwi ambazo kila jamii ya Afrika Mashariki inazo, Shaaban Robert katika Kusadikika (1951) aliumba nchi inayoelea hewani, na katika Adili na Nduguze (1952) akawageuza ndugu wawili kuwa manyani. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), alivunja mipaka ya wakati na mahali. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimtia Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, ndani ya chombo cha angani kikampeleka kwenye dunia nyingine. Said Ahmed Mohamed alifuata na Babu Alipofufuka (2001), na Kyallo Wadi Wamitila na Bina-Adamu! (2002). Kazi hizi zilitangulia kuzaliwa kwa Omenana, baadhi yazo kwa zaidi ya miaka 60.

Wengine husingizia msamiati, wakadai kwamba lugha haiwezi kubeba sayansi. Hao hawajafungua Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Istilahi zimekuwepo miaka yote hiyo; kilichoadimika ni watunzi wa kuzitia katika hadithi.

Jini avishwapo suti

Ikiwa mapokeo yapo na maneno yapo, kwa nini kijana akimbilie kwingine? Jibu limo katika namna kazi hizo zinavyosomwa. Jini akionekana katika riwaya ya Kiswahili, mhakiki humkamata papo hapo, akamvisha suti na kumpa wadhifa: huyu ni ubeberu, yule ni kiongozi fisadi, na chombo cha Dzombo ni safari ya ukombozi wa kifikra. Mwanafunzi naye huulizwa katika mtihani jini anaashiria nini; ni nadra aulizwe jini anatisha vipi. Hujifunza basi kwamba jambo la ajabu halina haki ya kuwepo mpaka lipate maana ya kisiasa au ya kimaadili.

Ni kweli kwamba watunzi wenyewe waliikaribisha istiari. Shaaban Robert aliwaita ndugu wale Hasidi na Mwivu, na jina la Walenisi likifunuliwa husomeka "wale ni sisi". Mhakiki aliyeziona ishara hizo hakukosea. Alikosea alipodhani kwamba kazi imekwisha. Adili analazimika kuwapiga manyani wawili usiku baada ya usiku, na manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja. Msomaji akishaambiwa kwamba manyani ni husuda, bado hajaelezwa kwa nini moyo humwenda mbio kila usiku uingiapo. Kiini cha hofu hiyo ni mjeledi ulio mkononi mwa mtu mwema. Kuurukia wosia bila kupita hapo ni kusoma hitimisho bila kusoma hadithi.

Matokeo yake ni kwamba mtunzi chipukizi hukiona Kiswahili kuwa lugha ya mahubiri, na Kiingereza kuwa lugha ya mchezo. Kwa Omenana anaruhusiwa kubuni kwa ladha ya kubuni tu. Haendi huko kutafuta fedha na sifa peke yake, bali pia kutafuta uhuru ambao walimu wake walimnyima.

Bei ya kuhama

Hata hivyo, uhuru huo una bei, na majarida haya hayana budi kuikiri. Jini aingiapo katika Kiingereza hugeuka kitu cha kufafanuliwa, ilhali msomaji wa Lamu au wa Tanga hahitaji maelezo, kwani amekua akimwogopa. Lichukuliwe neno moja tu: pepo. Katika Kiswahili pepo ni roho ampandaye mtu kichwani. Pepo ni makao ya waliorehemiwa. Na pepo ni wingi wa upepo. Mtunzi wa fantasia aweza kuyakutanisha maana hayo matatu katika sentensi moja, na msomaji asijue kama mhusika amepagawa, amepeperushwa au ameokoka. Kiingereza huhitaji maneno matatu, na utata ambao ndio uhai wa sentensi hiyo hutoweka.

Wala isisemwe kwamba jarida la bara zima haliwezi kuzimudu lugha nyingi. Omenana lenyewe baadaye lilifungua mlango kwa Kifaransa. Yaani lilipoamua kuongeza lugha, liliongeza nyingine ya mkoloni. Jalada nao walitoa jawabu bora mwaka 2016, walipochapisha hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kigĩkũyũ, isimuliayo jinsi binadamu alivyopata kutembea wima, pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Nayo ilikuwa hadithi ya ajabu: mikono na miguu hushindana humo. Penye nia pana njia.

Hitimisho

Yapasa basi mambo mawili yafanyike kwa pamoja. Majarida kama Omenana yateue wahariri wasomao lugha za Kiafrika, yapokee hadithi katika lugha iliyotungwa, na tafsiri ije baadaye. Idara za Kiswahili nazo zifundishe hadithi ya ajabu kama utanzu wenye kanuni zake, zihakiki hadithi fupi za vijana badala ya kungoja riwaya iteuliwe kutahiniwa, na zimwache jini awe jini kwanza kabla ya kumuuliza anawakilisha nani. Likifanywa la kwanza bila la pili, mlango wa jarida utafunguliwa na hapatakuwa na wa kuingia. Likifanywa la pili bila la kwanza, watunzi watapatikana wasione pa kuzipeleka hadithi zao. Mpaka hapo, mhakiki amlaumuye kijana kwa kuandika Kiingereza na ajiulize kwanza ni hadithi ngapi za Kiswahili alizozisomea wosia tu.