Wengi Wape, Lakini Si Haki

Tulipojifunza methali "wengi wape" darasani, karibu sote tuliikubali. Mwenzetu mmoja akaongeza kwamba hata jaji akibaki peke yake dhidi ya wenzake, anyamaze, kwa kuwa maoni yake hayana faida. Napinga. Shahidi wangu ni Jaji J. Waties Waring wa Marekani.

Waring alizaliwa mwaka 1880 mjini Charleston, South Carolina, katika ukoo wa kizungu uliowahi kumiliki watumwa. Mwaka 1942 aliteuliwa kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho. Hakuwa malaika, kwa miaka mingi aliuona ubaguzi akanyamaza. Mwaka 1946 ililetwa mbele yake kesi ya Isaac Woodard, askari mweusi aliyerudi kutoka vitani, akapigwa na mkuu wa polisi hadi akapofuka macho yote mawili. Mkuu huyo alikiri kumpiga. Wazungu watupu walioketi kuamua walimwachia kwa muda usiozidi nusu saa. Hapo Waring akaamka.

Mwaka 1947 aliamuru weusi wapige kura katika mchujo wa chama cha Democratic. Baadaye nyumba yake ilirushiwa mawe, na marafiki wakamkimbia. Hakurudi nyuma. Mwaka 1951, wazazi weusi wa Clarendon, ambao mwanzoni waliomba basi la shule tu, walifika mbele ya majaji watatu. Wawili walisema kuwatenga watoto ni halali. Waring peke yake aliandika kwamba kuwatenga kwenyewe ni kuwanyima usawa. Mwaka 1952 alistaafu, akahamia New York.

Je, alishindwa? Mwaka 1954, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu, kesi ya Clarendon ikiwa miongoni mwa zilizo mbele yao, waliamua kama alivyosema yeye.

Mtaniambia kwamba jaji hufuata sheria, si moyo wake. Kweli. Lakini wenzake walishika hukumu ya zamani ya 1896. Yeye alishika katiba, iliyoahidi ulinzi sawa wa sheria tangu 1868. Nani basi aliyefuata sheria?

Wengi tuwape uongozi, tuwape hata zamu ya kuzungumza. Haki ya mtoto wa mtu si yetu kuigawa kwa kura.