WASIOJULIKANA? SEMA MTEKAJI!

Kijana wa Manzese, nikuulize: mtu anayemkamata mwenzake kwa nguvu na kwenda kumfungia kusikojulikana, anaitwaje? Hata bibi yako kijijini anajua: mtekaji. Lakini sisi tumezoeshwa jina la kistaarabu, eti "watu wasiojulikana"!

Hawajulikani na nani? Mwandishi Azory Gwanda alichukuliwa Kibiti Novemba 2017. Mpaka leo hajulikani alipo. Septemba 6, 2024, Ali Kibao wa CHADEMA aliteremshwa kwenye basi Tegeta na watu wenye silaha, abiria wanatazama. Kesho yake maiti yake ikaokotwa Ununio. Mwizi wa kuku anajulikana saa hiyo hiyo. Anayesimamisha basi zima hajulikani?

Katiba yetu, ibara ya 15, inasema mtu hakamatwi ila kwa utaratibu wa sheria. Askari wa kweli hujitaja, husema kosa, hukupeleka kituoni na ndugu zako wakajua. Asiyefanya hivyo ni mtekaji, awe na sare au hana.

Basi ndugu yangu, ukiona mwenzako anaburuzwa, usigeuze uso ukasema hayakuhusu. Piga kelele. Shika namba ya gari. Uliza anapelekwa kituo gani. Wapashe habari ndugu zake usiku huo huo. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Leo tukikubali kwamba mtekaji hajulikani, kesho hapatajulikana ulipo wewe.