Ghala la vyuma ni rahisi mpaka siku ya moto

Kila msimu wa pamba, ambao kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, mitaji ya wafanyabiashara wengi wa mkoa wa Simiyu hulala chini ya mabati. Katika maghala na viwanda vya kuchambua pamba vya Bariadi na Maswa, fedha hugeuka kuwa pamba mbegu na marobota ya pamba nyuzi. Bei huulizwa kila siku. Ni nadra kuulizwa paa limebebwa na nini.

Wengi huamini kwamba ghala la vyuma ni salama kwa kuwa chuma hakiungui. Ni kweli hakiungui, lakini hulegea. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,500 hivi, ila kikifika nyuzi 600 kimekwishapoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Moto mkubwa wa ghala huvuka joto hilo. Aidha, chuma hurefuka: boriti ya mita 10, joto lake likipanda kwa nyuzi 500, huongezeka takriban sentimita 6 na kusukuma ukuta wa tofali kwa nje.

Zege hupitisha joto polepole, hivyo nondo zilizomo hukawia kulegea. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Bidhaa nyingi ziliteketea, lakini jengo la zege lilibaki limesimama na baadaye likakarabatiwa. Hata hivyo, zege nalo si kinga kamili. Fundi akibana saruji na kuacha nondo karibu na uso, moto hupasua zege na kuzifikia mapema.

Hoja hapa si kwamba vyuma viachwe. Husimamishwa haraka na huacha nafasi pana bila nguzo za katikati. Hoja ni kwamba hesabu ifanywe yote: nguzo za chuma zifunikwe kwa zege au tofali, ghala kubwa ligawanywe kwa ukuta unaopita juu ya paa, na marobota yasiegemezwe kwenye nguzo.

Mpangaji na mwenye hisa waulize hayo kabla ya kutia saini. Bima ya kawaida ya moto hulipa mali iliyoungua. Haimrudishii mfanyabiashara msimu uliompita.