Kabla ya kubadili injini, kaa na mwenzako

Wiki iliyopita mke wa mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Ujiji. Baada ya shikamoo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shangazi, mwenzangu ametoa mtaji wangu wa dagaa akanunua injini. Na gari letu halikuwa bovu."

Gari lenyewe ni Toyota Mark II GX110. Ndilo linalompeleka mama huyo Kibirizi alfajiri kufuata dagaa, likarudi kupeleka watoto shule. Injini yake ya 1G ina silinda sita na ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 160. Kijana wetu akaona hazitoshi. Akaagiza Dar es Salaam injini ya mtumba, 1JZ yenye tabo, ambayo kiwanda kiliipa nguvu 280.

Nilimpigia. "Shangazi, usiwe na wasiwasi," akasema. "Fundi amesema inakaa bila kukata chuma."

Hapo fundi hakudanganya, maana Toyota yenyewe ilitoa gari la umbo hilohilo likiwa na injini hiyo. Ila kukaa ni jambo moja, kwenda salama ni jingine.

Ndugu msomaji, injini huchoma mafuta kwa msaada wa hewa. Ukitaka moto mkubwa, isukumie hewa nyingi zaidi. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenda kwenye ekzosi. Supachaja huzungushwa kwa mkanda na injini yenyewe. Miaka ya 1980 Toyota iliifunga hata kwenye 1G. Njia zote mbili zinaongeza nguvu, na zote mbili zinaongeza joto. Kwa hiyo rejeta, oili, pampu ya mafuta na giaboksi lazima viwe vya kuhimili. Breki ndizo za kwanza, kwa sababu gari linalokimbia zaidi linahitaji kusimama vizuri zaidi. Halafu kuna kadi ya gari. Namba ya injini imeandikwa humo, na ukiibadili injini bila kubadili kadi unajitafutia kesi na trafiki, na siku ya ajali bima watakuuliza maswali.

Nikamwomba aandike gharama hizo zote kwenye karatasi, kisha amsomee mkewe. Kimya kikapita kwenye simu. Alikuwa amehesabu bei ya injini tu.

Nikamkumbusha MV Liemba, aliyoiona bandarini Kigoma tangu utotoni. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwenye masanduku hadi Kigoma na kuungwa upya. Ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe na adui, lakini kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, grisi ile ilikuwa imezitunza. Mwaka 1927 Liemba ilirudi kazini kwa mvuke uleule. Injini za dizeli zilikuja miaka ya 1970.

Tazama sasa. Liemba ilibadilishiwa injini ili iendelee na kazi yake ya kubeba watu na mizigo, si ili ishindane na boti za Kibirizi. Na waliozipaka grisi injini zile walifikiria kesho hata siku ya kushindwa. Je, nyumba yako umeipaka grisi gani?

Kwa mama yule, grisi ni ule mtaji. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwaka biashara inalala. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na waliokuwa na akiba ndio waliopumua. Kuchukua akiba ya namna hiyo kimyakimya si suala la gari tena. Ni suala la kuaminiana.

Simlaumu kijana kupenda magari. Mwanamume anayechafuka mikono kwa kazi anayoipenda ni bora kuliko anayekesha kilabuni. Kosa lake ni kuificha ndoto yake kama aibu. Angeisema, huenda mkewe angempa mwaka mmoja wa kuweka kidogo kidogo.

Jumapili walikaa chini wakiwa na karatasi ile. Wameamua injini iuzwe, hata kwa hasara kidogo, mtaji urudi kwa mwenyewe. Kitakachobaki kitanunua breki mpya za gari walilo nalo. Mama naye amekubali kufungua kibubu cha gari, ambacho kila mmoja atatia chake na hakuna atakayekifungua peke yake. Kikijaa, watazungumza tena habari za tabo.

Wewe unayesoma hapa, kama una ndoto ya bei kubwa, itaje mezani leo, chakula kikiwa bado cha moto. Usingoje mwenzako aisikie kwa fundi.