Tusiwahimize wanafunzi kudurusu bila kuwafunza namna ya kudurusu

TAKRIBAN kila shule ya upili nchini ina saa maalumu za kudurusu. Kengele hulia, wanafunzi huingia madarasani, mwalimu wa zamu huzunguka kuhakikisha kwamba kimya kimetanda, na kila mmoja huinamia daftari lake. Katika shule za bweni, Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilitenga saa mbili kila usiku kwa shughuli hiyo, kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu. Zipo shule ambazo huongeza saa nyingine za alfajiri, kabla jogoo hajawika.

Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: katika saa hizo zote, mwanafunzi hufanya nini hasa?

Yeyote aliyepitia shule hizo anajua jibu. Husoma daftari tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha huanza upya. Hupigia mistari maneno anayodhani ni muhimu, hata ukurasa mzima ukawa na mistari. Mtihani ukikaribia, hukesha huku miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji baridi ili usingizi usimteke. Hatuwezi kumwita mvivu. Tatizo ni kwamba ametakiwa kufanya kazi ambayo hakuna aliyemfundisha jinsi ya kuifanya.

Wataalamu wa saikolojia wameichunguza kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Kundi moja la wanafunzi lilisoma makala mafupi katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine liliyasoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu vilivyosalia likaandika yote liliyokumbuka bila kuyatazama tena.

Dakika tano baadaye, waliosoma mara nne ndio waliokuwa mbele: walikumbuka asilimia 83 ya makala, ilhali wenzao walikumbuka asilimia 71. Hata hivyo, baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Kundi la kwanza lilibakia na asilimia 40, nalo la pili likawa na asilimia 61. La kushangaza zaidi ni kwamba waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba wangekumbuka.

Hapo ndipo penye mtego. Kusoma jambo mara kwa mara humfanya mtu alizoee, na mazoea hayo humdanganya kwamba amelielewa. Mwanafunzi hufunga daftari akiwa ameridhika, kumbe alichokipata ni wepesi wa kulitambua neno akiliona, wala si uwezo wa kulitoa kichwani wakati karatasi ya mtihani iko mbele yake.

Mwaka 2013, John Dunlosky na wenzake walitathmini mbinu kumi zinazotumiwa na wanafunzi. Mbili ndizo zilizopewa daraja la juu kabisa: kujipima kwa maswali, na kutawanya masomo katika siku mbalimbali badala ya kuyalundika siku moja. Kusoma upya na kupigia mistari, mbinu ambazo wanafunzi wetu huziegemea mno, ziliwekwa katika daraja la chini.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Wazee wetu walipowaketisha watoto jioni na kuwategea vitendawili, hawakuwasomea orodha ya majibu. Mtoto alitega, mwenzake akajikuna kichwa akilitafuta jibu, na aliposhindwa alitozwa mji. Kesho yake kitendawili kile kile kiliweza kurudi. Jibu lililotafutwa kwa jasho ndilo lililokaa akilini.

Kwa nini jambo hili lina uzito sasa? Mtaala wa umilisi umetaja aina saba za umilisi wa kimsingi, na mojawapo ni kujifunza namna ya kujifunza. Aidha, utahini wenyewe umebadilika. Katika matokeo ya mtihani wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, asilimia 60 ndiyo inayotokana na mtihani wa mwisho. Asilimia 20 hutokana na tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine na tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Mwanafunzi anayesubiri kukesha mwezi wa mwisho amekwisha kupitwa na sehemu kubwa ya safari.

Hata hivyo, kuliandika jambo katika mtaala si kulitekeleza. Shule nyingi hulikabidhi suala hili kwa mzungumzaji wa kutia hamasa, ambaye hualikwa majuma machache kabla ya mtihani. Huja, huwachekesha wanafunzi, huwaambia kwamba wanaweza, kisha huondoka. Hamasa ni njema, lakini haimwonyeshi mwanafunzi la kufanya atakapofungua daftari la Bayolojia usiku huo.

Mahali pa kufunzia stadi hizi ni ndani ya somo lenyewe. Kipindi cha shule ya upili ni cha dakika 40. Mwalimu akitumia tano za mwanzo kuwaagiza wanafunzi wafunge vitabu na kuandika mambo matatu wanayoyakumbuka kutoka kwa somo la juma lililopita, amewafunza kujipima na kutawanya masomo kwa wakati mmoja. Kisha wafungue vitabu, wajisahihishe, na kutia alama pale palipowatatiza. Hapo ndipo pa kuanzia kudurusu usiku.

Mwalimu wa Kiswahili awaambie wafunike jedwali la ngeli na kutunga sentensi, badala ya kulisoma jedwali mara kumi. Mwalimu wa Hisabati achanganye maswali ya mada mbalimbali, ili mwanafunzi ajifunze kutambua swali linahitaji kanuni ipi. Muhimu zaidi, aeleze ni kwa nini anafanya hivyo. Mwanafunzi asiyejua sababu atarejelea mtindo wake wa zamani pindi mwalimu anapotoka darasani.

Walimu watateta kwamba silabasi ni ndefu na madarasa yamefurika. Malalamiko hayo ni ya haki. Mwenye wanafunzi 60 hawezi kusahihisha maswali kila siku. Lakini zoezi hili halihitaji kusahihishwa na mwalimu wala kutolewa alama. Kwa hakika, alama zikiingia, woga huingia pia na wanafunzi wakaanza kunakili. Ama kuhusu silabasi, kuimaliza kuna faida gani ikiwa yaliyofunzwa muhula wa kwanza yamesahauliwa kufikia wa tatu?

Ni kweli pia kwamba mbinu za kudurusu haziwezi kuziba pengo la vitabu, chakula au karo, wala hazimsaidii mtu kukumbuka asichokielewa tangu awali. Mafunzo bora yatasalia kuwa msingi.

Ila tumfikirie mwanafunzi wa shule ya kutwa anayetembea kilomita kadhaa kurudi nyumbani, anayechota maji, kupika na kulea wadogo zake, kisha kubakiwa na nusu saa kabla ya taa ya mafuta kuzima. Mwenzake wa bweni anaweza kupoteza saa nyingi kwa mbinu mbovu na bado akabaki na nyingine. Yeye hana za kupoteza. Kwake, kujua jinsi ya kuitumia nusu hiyo ya saa kunaweza kuamua atakakofika, na stadi hiyo haihitaji senti hata moja kutoka kwa mzazi wake.

Kwa hivyo, vyuo vya ualimu viwaandae walimu kuzifunza stadi hizi katika kila somo. Walimu wakuu nao, kabla ya kuongeza saa nyingine ya alfajiri katika ratiba, waingie madarasani wakati wa kudurusu na kutazama ni wanafunzi wangapi wanaojiuliza maswali, na ni wangapi wanaofungua kurasa tu.