Wageni wa Usiku na Taa za Mnara



Kaskazi imekwisha. Pepo zimegeuka, mvua za masika zimeanza kuliosha vumbi la Voi, na mlima wa Sagala, uliokuwa wa kijivu tangu Januari, umevaa kijani. Wasomaji wetu wa siku nyingi wanajua kwamba wakati kama huu ukurasa wetu huyaweka kando kwa wiki moja mambo ya ndoa na mirathi, ukainua macho juu. Katika Sura ya Al-Mulk tumeelekezwa tuwatazame ndege walio juu yetu na tuzingatie ni nani anayewashikilia angani. Kutazama huko hakuhitaji fedha wala safari. Mama aliye uani akianika nguo anakuweza, na mtoto anayerudi chuoni pia.

Kwanza tutoe taarifa mlizotuletea, kwani ahadi ni deni.

Mama mmoja wa Mwatate anatuarifu kwamba mbayuwayu waliokuwa wakijipanga kila magharibi juu ya nyaya za umeme mbele ya nyumba yake tangu Oktoba, walizidi ghafla mwishoni mwa Machi. Kisha asubuhi moja alitoka kufagia asimwone hata mmoja. Familia moja iliyo chini ya Sagala iliwasikia keremkerem kabla ya kuwaona, wakipita juu sana kuelekea kaskazini. Watoto walihesabu hadi sitini na tatu, kisha wakagombana juu ya hesabu. Msomaji wetu wa Taveta alikwenda Ziwa Jipe kuwatembelea jamaa, akaona korongo weupe wakizunguka na kupanda juu upande wa milima ya Upare, bila ya kupiga bawa hata mara moja. Nao wasichana wa chuo chetu hapa Voi waliona, baada ya mvua kubwa, kozi wadogo wenye miguu myekundu wakiwadaka kumbikumbi hewani mmoja mmoja, na kuwala papo hapo bila ya kutua.

Hawa wote ni wasafiri. Mbayuwayu wetu, ambaye uzito wake ni gramu 20 hivi, anarudi Ulaya na Asia kujenga kiota na kulea. Korongo ni mzito na hupaa kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Baharini hewa hiyo haipatikani, ndiyo maana hufuata nchi kavu kupitia Sudan, Misri na Sham. Kozi wa miguu myekundu ana safari ya ajabu kuliko wote. Huzaliwa Siberia ya mashariki, Mongolia na kaskazini ya Uchina, hupita India, huivuka Bahari ya Hindi, na hushuka hadi kusini mwa Afrika. Huja kwetu kaskazi inapovuma, na huondoka inapogeuka. Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi wangemfahamu mara moja, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa kalenda yao: kuja na kaskazi kutoka Arabuni, na kurejea na kusi. Bahari ni moja na pepo ni zile zile.

Lakini wengi wa wageni hawa hatuwaoni kabisa, kwa kuwa husafiri usiku. Habari yao ndiyo tuliyokusudia kuieleza leo, nayo inaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka mitatu iliyopita msikiti wetu ulichangisha fedha za taa. Mchango huo tuliusimamia sisi. Taa nne zenye nguvu zilifungwa chini ya mnara, zikielekea juu, nyingine zikafungwa ukutani kumulika njia. Siku zilipowashwa tulifurahi, na hatutaficha kwamba tulijivuna pia, kwa kuwa mnara ulionekana kutoka mbali na wasafiri wa barabara ya Mombasa.

Mwaka jana, katika siku za mwisho za Mfungo Mosi, mbalamwezi imekwisha, usiku mmoja wingu liliteremka mpaka likaufunika Sagala, na manyunyu yakanyesha hadi alfajiri. Tulipofika kwa ajili ya sala tulimkuta mama anayefagia ua wa msikiti amesimama mlangoni, ameikusanya ncha ya leso yake kama mtu aliyebeba mboga.

“Maalim,” alisema, “nimeokota kumi na tisa. Wawili walikuwa wakipumua, wamenifia mkononi. Hawa wamekosa nini?”

Alifungua leso. Walikuwa ndege wadogo wa rangi ya majani makavu, matumbo meupe yenye manjano kidogo, wembamba, hata kidole gumba kingeweza kumfunika mmoja kifua chote. Hawakuwa na jeraha la jiwe wala la paka. Tulidhani ni sumu. Tulimwambia mama awafukie, naye aliwafukia chini ya mwarobaini. Lakini mmoja tulimweka, tukamwonyesha kijana wetu mmoja anayeongoza wageni katika hifadhi ya Tsavo.

Kijana alimgeuza kiganjani, akanyamaza kidogo. “Maalim,” alisema kwa adabu, “huyu ameuawa na taa.”

Ndipo alipotueleza habari ya Ngulia, ambayo tuliishi jirani nayo miaka yote bila ya kuijua. Katika Tsavo Magharibi, juu ya ukingo wa bonde, kuna nyumba ya wageni iliyofungwa taa kali ili watalii waone wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Iligunduliwa kwamba katika usiku wa giza na ukungu, miezi ya Novemba na Desemba, ndege wadogo wa safari huteremka mbele ya taa hizo kwa maelfu. Tangu mwaka 1969 wataalamu hukusanyika hapo kila msimu, huwanasa kwa nyavu laini, humvisha kila mmoja pete nyepesi yenye nambari mguuni, humpima uzito, na kumwachia aende zake. Wamekwisha kuwavisha pete zaidi ya laki nne. Baadhi ya pete hizo zimepatikana Ulaya, Urusi na nchi za Arabuni. Mmoja wa ndege wanaopatikana kwa wingi Ngulia ni huyu huyu tuliyemwona katika leso. Uzito wake wa kawaida ni kama gramu 12. Huzaliwa katika vichaka vya Ulaya, hupita Sudan na Uhabeshi, hupita kwetu, na humaliza safari yake kusini mwa Afrika. Novemba na Desemba ndio wakati wake wa kushuka. Aprili ni wakati wa kurejea, naye hurejea kwa haraka.

Jambo moja lilitugusa zaidi. Wataalamu wa Ngulia huhesabu mwezi kama tunavyohesabu sisi. Huchagua siku zinazouzunguka mwandamo, kwa sababu mbalamwezi ikiwapo ndege huona njia yake, akapita juu bila ya kuijali taa. Giza likishika na ukungu ukifunga, hazioni nyota wala haioni ardhi. Taa yenye nguvu huugeuza ukungu ule kuwa chumba cheupe. Ndege akishaingia humo huogopa kurudi gizani, akazunguka na kuzunguka mpaka achoke. Ngulia huwa kuna mikono ya kumpokea. Kwetu kulikuwa na ukuta wa mnara.

Tuliupeleka ushauri kwenye kamati, kwamba taa zizimwe baada ya Isha. Tulitarajia ukubaliwe kwa dakika tano. Mama mmoja aliomba ruhusa, akasema kutoka nyuma ya pazia:

“Maalim, tunakuheshimu. Lakini mkizima taa, sisi tutapita wapi? Mnajua tulivyokuwa tukija sala ya alfajiri kabla ya taa hizi. Mtaro uko wazi, vijana wa vijiweni wako pale pale, na mwaka juzi ndovu alikuwa nyuma ya ua wa chuo. Mimi namhurumia ndege. Na mimi je, nani ananihurumia?”

Hakuna aliyemjibu. Tunakiri kwamba sisi tulikuwa tumefikiria mnara, hatukufikiria njia. Mwanamume hutoka nyumbani usiku bila ya kuuliza kama kuna taa. Mama yule alisema kweli, na sheria yetu haimtaki mtu aondoe dhara kwa kuleta dhara jingine.

Mkutano uliahirishwa, na tuliporudi wiki ya pili yule kijana alitusimulia habari ya kozi wa miguu myekundu, wale wale wa wasichana wetu. Huko Nagaland, kaskazini mashariki ya India, kozi hao hupumzika kwa wingi kabla ya kuivuka bahari. Mwaka 2012 ilijulikana ulimwenguni kwamba wanakijiji wa huko walikuwa wakiwanasa kwa nyavu maelfu kwa maelfu na kuwauza kwa kitoweo. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye haja, na riziki hiyo iliwafikia mlangoni. Mwaka uliofuata, 2013, wanakijiji wenyewe walikubaliana kuacha, wakawa walinzi wa kozi wale wale. “Basi kozi anayekula kumbikumbi hapa Voi,” alisema kijana, “amepita kwa watu waliokaa kitako, wakashauriana kama sisi hivi, wakamwacha apite.”

Shauri lililotoka ni la mama wa nyuma ya pazia, tena ni jepesi. Alisema: “Taa za mnara na taa za njia si kitu kimoja. Za mnara zimulikieni mbingu mpaka Isha, mzizime. Za njia ziteremsheni, zimulike miguu yetu.” Fundi wa mtaa alikata mabati, akatengeneza kofia za kufunika taa za ukutani ili mwanga uende chini tu. Mbili zaidi zilifungwa kwenye njia ya mtaroni, ambako hapakuwa na taa tangu mwanzo. Hivi sasa njia ina mwanga kuliko zamani, mnara hulala gizani, na ankara ya umeme imepungua. Wapo waliolalamika kwamba msikiti hauonekani tena kutoka barabarani. Tuliwaambia kwamba anayeutafuta huongozwa na adhana.

Tunawaletea habari hii kwa sababu mnara haukuwa peke yake wenye kosa. Kila nyumba yenye taa kubwa ya nje iliyoelekea juu ni mnara mdogo. Basi tunaomba mambo manne kwa wiki hizi zilizobaki hadi katikati ya Mei, na tena kuanzia mwisho wa Oktoba.

Usiku wa wingu au ukungu usio na mbalamwezi, taa ya nje isiyohitajika izimwe wakati wa kulala, na inayohitajika igeuzwe imulike chini. Pazia la dirisha kubwa lishushwe.

Ndege akiokotwa asubuhi yu hai lakini amezubaa, atiwe katika boksi lenye matundu au kikapu kilichofunikwa, awekwe mahali pa giza na kimya, mbali na paka. Asilazimishwe chakula wala maji. Akipata nguvu aachiwe karibu na kichaka.

Mwenye kumpata ndege aliyekufa mwenye pete mguuni asiitupe. Aandike nambari, tarehe na mahali, apeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Huenda kuna mtu aliyeishika pete ile kwa mkono wake anayengoja kujua ilifika wapi.

La nne ni la wazazi wa wavulana. Manati hutoka mifukoni masika yakianza, kwa sababu ndege aliyechoka na safari hukaa chini na haogopi. Kumlenga huyo hakuna ushujaa. Wasimulieni ile habari iliyopokewa na Abu Daud, ya masahaba waliochukua makinda ya ndege safarini, mama yao akaja akitandaza mbawa kwa uchungu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamuru makinda yarudishwe kwa mama yao. Msiwasomee kama onyo. Wasimulieni kama hadithi ya kulala, kisha mwacheni mtoto aulize mwenyewe.

Mwaka huu, hadi tunapoandika, mama yetu wa ua ameokota ndege mmoja tu, na huyo aliruka kabla ya jua kuchomoza. Bado hatujafurahi sana. Mfungo Pili unakaribia kuandama, na siku za giza ndizo hizi zinazokuja. Tutakapotoka kuutafuta mwezi magharibi, tukumbuke kwamba juu ya vichwa vyetu wamo wanaoutafuta pia, wala hawana wa kumuuliza. Asubuhi yake tutampitia mama pale mlangoni, tumuulize leso yake ina nini.

Tuleteeni mlichoona. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.