UCHAMBUZI: Mzee anapokataa dawa, asikizwe kwanza kabla ya kulaumiwa

MTAA wa Kariobangi ulianza kukua katika miaka ya 1960, pale wakuu wa jiji la Nairobi walipowagawia ploti wananchi waliokuwa wakiishi vibandani. Waliozipokea ploti hizo wakiwa vijana sasa ni wakongwe. Kariobangi inajulikana kwa karakana za jua kali, na ni nadra mtu kuikumbuka kwa ajili ya wazee wake. Lakini wamo, na baadhi yao hawamtambui tena anayewaletea chai asubuhi.

Hao ndio wanaougua dimensia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu ambayo wengi hudhani ni uzee tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa wakiugua mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika mataifa ya mapato ya chini na ya wastani. Kenya, kwa mujibu wa sensa ya 2019, ilikuwa na watu milioni 2.7 waliotimu umri wa miaka 60 na zaidi.

Linalowatatiza jamaa zao, pengine kuliko usahaulifu wenyewe, ni dawa. Mgonjwa hufumba kinywa, hutema kidonge, au humshutumu bintiye kwamba anataka kumtilia sumu. Familia nyingi huuita ukaidi huo. Nyingine huanza kumshuku mgonjwa kuwa mchawi, na shaka kama hiyo huua: Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, kwa kudaiwa kuwa wachawi.

Ukweli ni kwamba anayekataa dawa mara nyingi ana sababu, ila hana tena maneno ya kuieleza. Chukua mfano wa vidonge vya shinikizo la damu vinavyomfanya mtu kukojoa mara kwa mara. Katika ploti nyingi za Kariobangi, choo hutumiwa na nyumba kadhaa, na huenda kiko mwisho wa ujia au chini ya ngazi. Ajuza aliyesahau jina la mjukuu wake bado anaijua aibu ya kujikojolea mbele ya wapangaji. Akikikataa kidonge hicho jioni, nani atamlaumu? Kukihamishia asubuhi kwa idhini ya daktari, na kumwekea ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, kunaweza kumaliza ugomvi wa miezi mingi.

Kuna pia jino linalouma, koo lisilomeza vizuri, kichefuchefu kinacholetwa na dawa yenyewe, au mtu asiyemfahamu kumsimamia kichwani akimwamrisha kwa sauti ya juu. Anayeketi karibu naye, akampa kidonge kimoja kwa wakati na maji mkononi, hufaulu zaidi. Akikataa, heri kumwacha kwa nusu saa na kujaribu tena kuliko kumshika taya.

Swali ambalo familia hazijazoea kuliuliza ni kama dawa zote hizo zinahitajika. Dawa za dimensia, mathalani donepezil, haziponyi. Huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda. Za kisukari na shinikizo la damu ni jambo jingine, kwa kuwa kuziacha ghafla kunaweza kuleta maafa. Nazo zile za kutuliza akili, ambazo wakati mwingine hutolewa ili mzee asisumbue, ni za kuogopwa. Mnamo 2005, idara inayodhibiti dawa nchini Marekani ilionya kwamba huongeza vifo miongoni mwa wakongwe wenye dimensia. Hata Piriton, inayonunuliwa dukani ili nyanya apate usingizi, yaweza kumzidishia kuchanganyikiwa.

Wapo wanaosaga vidonge na kuvitia ndani ya uji. Hapa tahadhari yahitajika. Aina fulani za nifedipine, dawa ya shinikizo la damu, zimetengenezwa ziyeyuke polepole kwa saa nyingi. Zikisagwa, dozi yote huingia mwilini kwa mpigo. Isitoshe, mzee akiuonja uchungu huo mara moja, ataukataa na uji wenyewe.

Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 inatambua ridhaa ya mgonjwa na, asipoweza kuitoa, nafasi ya mwakilishi wake. Kwa hivyo kumfichia mtu dawa kusiwe uamuzi wa mmoja jikoni. Uingereza, hatua hiyo hutakiwa kujadiliwa na daktari, mfamasia na jamaa, kisha ikaandikwa. Kariobangi, jamaa atawapata wapi wote hao?

Na hapa ndipo serikali inapojikwaa. Wazee waliotimu miaka 70 hutengewa Sh2,000 kwa mwezi chini ya mpango wa Inua Jamii, pesa zisizotosha kumlipa mtu wa kukaa na mgonjwa mchana. Kazi hiyo huangukia binti au mkaza mwana, anayefunga kibanda chake sokoni bila fidia yoyote. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, hulipia hospitali, si saa za mwanamke huyo.

Hata hivyo, tuna jeshi lililo tayari. Zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii walizinduliwa Septemba 2023 na kupewa vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari nyumba kwa nyumba. Katika Kaunti ya Makueni, watafiti wamewatumia wahudumu wa aina hiyo kuwatambua wazee wenye dalili za dimensia kwa maswali mafupi. Kaunti ya Nairobi haina sababu ya kungoja wafadhili ili kuwafunza wake.

Kwa sasa, jamaa atie dawa zote za mzee ndani ya mfuko mmoja, zikiwemo za dukani na za mitishamba, azipeleke kituo cha afya na kuuliza ipi ni ya lazima, na ipi inaweza kumezwa mara moja kwa siku badala ya tatu. Lakini mgonjwa akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, akakataa hata maji, miadi isingojewe. Huenda ni maambukizi, na anafaa kufikishwa Mama Lucy Kibaki au hospitali nyingine iliyo karibu siku hiyo hiyo.